Uliza Fundi: Wanajuaje kama kabati la umeme litastahimili tetemeko?

Barua ya kwanza

Jambo Papa Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa elektrisite, mwaka wa pili, hapa Bukavu. Mwalimu alitueleza kwamba jengo la kinu cha nyuklia lina ukuta wa beto unaozidi mita moja, kwa hiyo tetemeko haliliwezi. Nikamuuliza: na makabati ya umeme yaliyo ndani je? Darasa zima likacheka. Naomba unieleze vifaa vya umeme vya kituo kama hicho vinapimwaje, hata mtu ajue vitastahimili kabla tetemeko halijaja.
*Mwanafunzi, Kadutu*

Mwanangu, jambo sana. Swali lako si la kuchekwa. Nimelibeba moyoni tangu mwaka 2008, na nitakueleza lilivyoniingia.

Tarehe 3 Februari mwaka ule ilikuwa Jumapili, nawe bado ulikuwa mgongoni kwa mama. Nilikuwa zamu kwenye kabine kubwa ya umeme hapa mjini. Mwajiri wangu wa wakati ule simtaji. Saa tatu na nusu asubuhi ilikuwa imepita kidogo, nimeshika daftari naandika joto la mafuta ya transfo (transfoma), ardhi ikaunguruma. Ukubwa wake ulipimwa 5.9. Nilishika fremu ya mlango. Ulipotulia mtikiso, taa zote zilikuwa zimezimika na vikata-umeme viwili vimefunguka.

Nilizunguka transfo mara tatu. Hakuna tone la mafuta chini, hakuna moshi, hakuna kihami cha kauri kilichopasuka. Kwenye ubao wa ishara taa moja tu ilikuwa imewaka: Buchholz. Hiyo ni rele, yaani swichi ya ulinzi inayotoa amri yenyewe; wewe utafundishwa mwaka ujao. Inakaa kwenye bomba kati ya tangi la transfo na tangi dogo la juu. Hitilafu ikizaliwa ndani, gesi hujikusanya humo, kiboya kinashuka na kufunga mguso, na amri ya kukata umeme inatoka. Yetu ilikuwa ya zamani, yenye kichupa cha zebaki. Zebaki ikiyumba ndani ya kichupa inaunganisha nyaya mbili, nayo haiulizi kama imeyumbishwa na gesi au na dunia. Nilifungua bomba la gesi, halikutoa kitu. Nikapima uhami wa koili, ulikuwa mzuri. Yalipita masaa manne kabla sijathubutu kurudisha umeme, na hospitali zilikuwa zinapokea majeruhi.

Hilo ndilo jibu la kwanza kwa darasa lako. Kifaa cha umeme kinaweza kubaki kizima kabisa na bado kikaacha kazi, kwa sababu kimetikiswa kikatoa amri ya uongo. Ukuta hausaidii hapo hata ukiwa na unene wa mita tatu.

Sasa twende Virginia, Marekani, kwenye kituo cha North Anna chenye vinu viwili. Tarehe 23 Agosti 2011 tetemeko la 5.8, karibu sawa kabisa na letu, lilipiga chini ya kilomita 20 kutoka hapo. Mtikiso ulizidi kipimo kilichotumika kusanifu kituo. Rele za shinikizo kwenye transfo, ambazo ni ndugu wa Buchholz, zikatikisika na kuamuru kukata. Kituo kikapoteza umeme wote wa nje kwa wakati mmoja. Jenereta nne za dharura zikawaka. Kabla saa moja haijaisha moja ikasimama kwa sababu maji ya kupoza yalivuja kwenye kiungo ambacho gaskiti yake ilifungwa vibaya. Wakaleta nyingine ya akiba. Niliposoma habari ile niliweka gazeti chini nikakaa kimya kwa muda, maana ilikuwa Jumapili yangu ya 2008, ila wao walikuwa na vinu viwili vya kupoza.

Kwa nini kinu kilichozimwa bado kinahitaji umeme? Ukizima jiko la makaa, makaa yanabaki moto. Kinu cha megawati 1000 za umeme huzalisha joto la kama megawati 3000, na sekunde kinapozimwa bado kinatoa asilimia sita au saba ya joto hilo, yaani kama megawati 200. Mabwawa yetu ya Ruzizi I na Ruzizi II yakijumlishwa hayafiki megawati 80. Joto linashuka haraka, baada ya saa moja limebaki kama asilimia moja na nusu, lakini haliishi kwa siku nyingi. Pampu za maji zinataka umeme, vali zinataka umeme, na macho ya mwendeshaji, yaani vipimo vyake vyote, yanataka umeme wa betri. Kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, Japani, tarehe 11 Machi 2011, tetemeko lilikata umeme wa nje: kilima kiliporomoka kikaangusha nguzo ya chuma namba 27, na vikata-umeme vya uwanjani vikavunjika. Jenereta zikashika kazi. Kisha tsunami ikafurika kwenye vyumba vya jenereta, vya makabati na vya betri. Kwenye chumba cha kuongozea kinu cha kwanza na cha pili, wafanyakazi walikusanya betri za magari wakaziunganisha gizani ili wasome kimo cha maji. Mimi ni mtu wa betri. Picha hiyo haijanitoka.

Basi wanapimaje?

Njia ya kwanza ni kukitikisa kifaa chenyewe. Kuna meza za chuma zinazosukumwa kwa mafuta ya shinikizo, na kabati zima linafungwa juu yake. Japani walikuwa na moja pale Tadotsu, tangu mwaka 1982, mita 15 kwa 15, yenye kubeba tani 1000, iliyojengwa kwa ajili ya vifaa vya nyuklia. Kinachonipendeza katika utaratibu huo ni kwamba kabla ya kukitikisa, kifaa kwanza wanakizeesha. Wanakipasha joto, wanakipa mionzi kama ile ambayo kingeipata katika umri wake wote, ndipo wanakitia mitikiso mitano ya kiasi na mmoja mkubwa. Wanajua tetemeko halichagui siku kifaa kilipokuwa kipya. Betri za madini ya risasi ni ushahidi: bamba zake chanya zikizeeka zinakuwa kama biskuti, na betri iliyofaulu ikiwa mpya inaweza kuanguka mtihani ikiwa na miaka 15.

Wakati wa kutikisa, kila mguso wa rele unaangaliwa kwa kifaa cha kuhesabu muda. Ukifunguka au kufunga wenyewe kwa zaidi ya milisekunde mbili, rele hiyo imeshindwa. Milisekunde mbili, mwanangu! Na wanaipima ikiwa na umeme kwenye koili, kisha ikiwa haina, maana sumaku ya koili inashika mguso kwa nguvu. Ikikosa umeme, kinachoushika ni springi tu, na hapo ndipo miguso mingi hutetemeka.

Mtikiso unaowekwa mezani si ule wa ardhini. Fikiria mama anayepanda mlima wa Kadutu na bidoni ya maji ya lita 20 isiyo na kifuniko. Akitembea kwa mwendo fulani maji yanatulia. Akibadilisha hatua kidogo tu, hatua zikafuatana na mchezo wa maji, yanamwagika mgongoni. Jengo nalo lina mwendo wake, kwa hiyo ghorofa ya tatu inatikisika kuliko ya chini. Kabati lina mwendo wake, mara nyingi kati ya mara 5 na 15 kwa sekunde. Mlango wa kabati una wake, na rele imefungwa mlangoni. Ardhi ikianza na mtikiso mdogo, ukipita katika ngazi hizo zote unaweza kuifikia rele umekua mara kadhaa. Kwa hiyo swali "rele hii ni imara?" halina jibu mpaka useme imefungwa wapi, kwenye kabati lipi, ghorofa ya ngapi.

Njia ya pili ilitokana na shida. Miaka ya 1980 Marekani ilikuwa na vituo vilivyojengwa kabla ya masharti haya, na huwezi kung'oa kila kabati la kituo kinachofanya kazi ulipeleke mezani. Wahandisi wakaenda kuuliza mahali ambapo ardhi ilikwishafanya mtihani bila kulipwa: vituo vya umeme vya kawaida na viwanda vilivyopita kwenye matetemeko makubwa, California mwaka 1971, Chile na Meksiko mwaka 1985. Kituo cha umeme cha Sylmar, California, kilikuwa na mwaka mmoja tu kilipovunjikiwa vihami vya kauri kila upande. Lakini walichokiona sehemu nyingi ni hiki: makabati, mota, pampu na swichi zilizofungwa vizuri sakafuni zilisimama na kuendelea na kazi. Vilivyoanguka ni vile ambavyo havikufungwa, kauri ndefu, betri zisizo na vizuizi kati yake, rele za aina fulani, na vifaa vizuri vilivyoangukiwa na kitu kingine.

Hapo ikazaliwa kazi ambayo mimi ningeifanya kwa furaha hata leo: kutembea. Wahandisi wawili waliofunzwa wanapita kabati kwa kabati na tochi. Wanafungua mlango, wanapiga magoti, wanahesabu buloni za chini na kuangalia kama zimeshika beto au zimeshika rangi. Wanatazama kama makabati mawili yaliyosimama bega kwa bega yameunganishwa, maana yasipounganishwa yatagongana, na pigo moja la chuma kwa chuma linatosha kuchezesha rele zote. Wanainua macho: taa imening'inia kwenye ndoano iliyo wazi? Kuna ukuta wa matofali pembeni usio na nondo? Nani ameacha ngazi hapa? Baada ya Fukushima, vituo vyote vya Marekani viliagizwa vifanye matembezi hayo upya mwaka 2012.

Mwisho wanaweka namba. Hakuna mhandisi mwaminifu anayesema "kabati hili halitaanguka kamwe". Anachora mstari unaopanda: mtikiso huu, uwezekano wa kushindwa ni mdogo sana, huu, nusu kwa nusu, huu, karibu hakika. Na kwa kuwa yeye mwenyewe anaweza kukosea, anatafuta kiwango ambacho ana uhakika wa 95 kwa 100 kwamba uwezekano wa kifaa kushindwa hauzidi 5 kwa 100. Kiwango hicho ndicho kinacholinganishwa na matetemeko yanayotarajiwa pale kituo kilipo. Napenda lugha hiyo. Inakubali kutojua, na inataja kutojua huko ni kiasi gani.

Namba pekee hazioni kila kitu, ndiyo maana nakuletea vituo viwili vya Japani. Kashiwazaki-Kariwa, tarehe 16 Julai 2007: transfo ya kinu cha tatu ilikaa juu ya msingi imara, lakini mfereji wa nyaya ulioungana nayo ulikaa juu ya udongo wa kujazia. Udongo ukadidimia, transfo haikushuka, kiungo kikachanika, mafuta yakavuja, cheche ikayawasha. Mabomba ya maji ya kuzimia moto nayo yalikuwa yamevunjwa na udongo uleule. Moto uliwaka kwa takriban saa mbili. Kila kipande kikipimwa peke yake kilikuwa kizuri. Kilichosahaulika ni mahali viwili vinaposhikana mikono. Wewe unayeishi Kadutu, ambako nyumba inashuka na nyumba ya jirani inabaki, unaelewa hilo kuliko profesa wa nchi tambarare.

Na Onagawa, siku ileile ya Fukushima, kituo kilichokuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko: ndani ya kabati la volti 6900, vikata-umeme vya kizamani vilikuwa vimening'inizwa. Vikayumba kama nguo kwenye kamba, nyuso za shaba zikagusana vibaya, umeme ukaruka, kabati likaungua. Kuta zilikuwa nzima. Ukirudi darasani, waeleze kabati hilo.

Barua ya pili

Papa Fundi, baada ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021 tulitikiswa hapa siku baada ya siku mpaka tukaambiwa tuhame. Tangu hapo nasikia watu wakisema Congo tuna nyuklia yetu. Ni kweli? Na ingejengwa kwetu Kivu?
*Baba wa watoto wanne, Himbi, Goma*

Ndugu yangu, pole na kumbukumbu ya siku zile. Wengi wenu tuliwapokea huku Bukavu. Ndiyo, tuna vinu viwili vidogo Kinshasa, kwenye chuo kikuu. TRICO I kiliwashwa mwaka 1959, cha kwanza Afrika nzima, na TRICO II mwaka 1972. Vyote vilikuwa vya utafiti na mafunzo, havikutoa umeme wa nyumbani, na vyote vimesimamishwa, havifanyi kazi. Kituo cha nyuklia kinachotoa umeme barani mwetu ni kimoja tu, Koeberg karibu na Cape Town, kilichoanza mwaka 1984. Kule majengo ya vinu yamekalishwa juu ya vipande vya mpira, ili ardhi ikienda kasi jengo lifuate polepole. Ni msaada mkubwa kwa makabati ya ndani. Ila kila waya na bomba linalotoka kwenye jengo hilo kwenda nje lazima liachiwe ulegevu, kwa sababu pande mbili haziendi pamoja.

Kivu? Mimi nisingependa. Tunaishi juu ya bonde la ufa, na bado tuna kabine za umeme ambazo transfo zake zinasimama juu ya magurudumu yasiyofungwa.

Barua ya tatu

Papa Fundi, kituo chetu cha afya kina betri sita za sola kwenye rafu ya chuma koridoni, karibu na friji ya chanjo. Rafu ina kimo changu na upana wa sentimita 30. Ardhi ikitikisika usiku natoka mbio kuangalia. Tufanye nini bila gharama kubwa?
*Muuguzi, Bagira*

Mama, aksanti kwa kuandika. Ile Jumapili ya 2008 sikumaliza kuisimulia. Nilipotoka kwenye transfo nikaingia chumba cha betri, nikakanyaga asidi. Rafu ilikuwa imeegemea ukuta, betri mbili zimepasuka. Kwa miezi nilikuwa nimeomba buloni nane za kuifunga rafu ile. Katika ripoti iliandikwa kwamba umeme ulikatika kwa sababu ya tetemeko, na buloni hazikutajwa. Kwa hiyo barua yako nimeisoma nimesimama.

Fanya hesabu nami. Chukua nusu ya upana wa rafu, sentimita 15. Gawanya kwa kimo cha mahali uzito ulipo; betri zikiwa kwenye ubao wa kifuani, ni kama sentimita 100. Unapata 0.15. Maana yake, rafu isiyofungwa ikisukumwa pembeni kwa nguvu ya asilimia 15 tu ya uzito wake, inaanza kupinduka. Tetemeko la kwetu linaweza kuvuka hapo kwa urahisi. Zishushe betri leo hii mpaka ubao wa chini, uzito ukae kwenye sentimita 30: sasa inataka asilimia 50. Hatua hiyo haigharimu hata franka moja.

Kisha mwite fundi wa kuchomelea. Aweke chuma cha pembe mbele na nyuma ya betri, kimo cha nusu ya betri. Kati ya betri na betri aingize vibao vya mbao vinavyobana, zisigongane. Miguu minne ya rafu aichomelee bamba, na kila bamba ashike sakafu kwa buloni mbili za milimita 12. Asifunge kwenye ukuta wa matofali. Matofali yakianguka yataivuta rafu. Betri zako zikiwa na kilo 60 kila moja, zote ni kilo 360, na mimi huhesabu kana kwamba tetemeko litazisukuma pembeni kwa uzito wote huo. Buloni nane kwenye beto nzuri zinaibeba kazi hiyo bila wasiwasi.

Nyaya zinazotoka kwenye betri ziache na mkunjo, zisivutwe kama kamba ya gitaa. Ondoa kila kizito kilicho juu yake, hata yale maboksi ya serumu. Koridoni pawe na hewa, na weka ndoo ya bikaboneti karibu kwa ajili ya asidi. Friji ya chanjo ifungwe nayo, kwa mkanda, kwenye nguzo ya jengo, na waya wake uwe na urefu wa ziada.

Kabla hujanunua buloni, mwambie fundi atoboe tundu dogo kwenye kona ya sakafu apime unene wa beto. Ikifika sentimita 10, aendelee. Isipofika, niandikie tena na kipimo hicho. Tutamwaga kizingiti kidogo cha beto chini ya rafu kwanza.